Namba ya Mbele Ni Haki ya Mtembea kwa Miguu

Wapo wenye magari ya fahari, hasa yale ya mbio, wanaodai kwamba kibao cha namba huharibu sura ya gari. Hivyo hukibandua cha mbele na kubakiza cha nyuma. Hutoa mfano wa jimbo la Ohio, Marekani, lililofuta sharti la kibao cha mbele mwaka 2020. Mfano huo haufai kuigwa kwetu.

Katika barabara ya vumbi, kama zile za Kinyangiri wilayani Mkalama, gari likipita kwa kasi wakati wa kiangazi huacha nyuma yake wingu linalomeza kila kitu. Mwanafunzi akigongwa, shahidi aliye kando ya njia atakuwa amesoma namba ipi? Ni ya mbele tu, aliyoiona gari likija. Bila hiyo, polisi hawana pa kuanzia, na mzazi hana wa kumdai fidia.

Ndiyo maana gari likisajiliwa nchini hupewa vibao viwili, si kimoja. Mwalimu na awafunze wanafunzi kuisoma namba mapema. Mtumishi wa umma naye asiyafumbie macho magari yasiyo nayo, hata yakiwa ya wakubwa. Sura ya gari ni mali ya mwenyewe. Usalama wa barabara ni mali ya umma.