Adabu za Mbwa Wakutanapo Njiani

Mtu ateremkaye garini Kenol mapema asubuhi, pale ambapo barabara ya Murang'a huachana na ile iendayo Sagana na Nyeri, hakosi kuona mbwa. Wengine wamelala mbele ya mabucha wakingoja mifupa, wengine wametoka mashambani wakiwafuata mabwana zao. Hukutana, husimama kidogo, hunusana, kisha kila mmoja hushika njia yake. Wapita njia wengi huwarushia mawe, maana hudhani kwamba wakutanapo mbwa hapana budi patakuwa na vita. Walakini mwenye kuwatazama kwa makini ataona kwamba vita ni nadra, na kwamba mnyama huyu tumdharauye ana desturi za kuamkiana asizozivunja ovyo.

Mbwa mwenye adabu hamwendei mwenzake moja kwa moja uso kwa uso. Huja kwa kuzunguka kidogo, kama atakaye kupita kando, na macho huyaepusha, kwa kuwa kukaziana macho kwao ni kutakana shari. Wakikaribiana hunusana pua na mdomo, kisha huzungukana na kunusana nyuma. Jambo hili huwatia watu haya, nao hukimbilia kuwafukuza. Lakini huko nyuma mna tezi mbili ndogo zenye harufu, na harufu hiyo ni kama kitambulisho: humwarifu mgeni kama huyu ni dume au jike, na kama wamepata kuonana zamani. Pua ya mbwa ina chembe za kunusia zaidi ya milioni 200, na yetu sisi kama milioni 5 tu. Basi tusishangae ikiwa yeye hujua kwa pua yale ambayo sisi twauliza kwa mdomo.

Twaambiwa tangu utoto kwamba mbwa akitikisa mkia amefurahi. Si hivyo sikuzote. Mkia ulioinuliwa juu na kukazwa, ukitikisika upesi upesi, na manyoya ya mgongo yakisimama, ni onyo. Tena wataalamu wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa amwonapo bwana wake mkia huelekea zaidi upande wa kuume, na amwonapo mbwa mgeni mwenye ubabe huelekea upande wa kushoto. Anayetaka mchezo hana haja ya mafumbo hayo. Huinamisha kifua mpaka viwiko vikagusa ardhi, na matako yakabaki juu.

Sasa hapo ndipo sisi wanadamu huharibu mambo. Siku hizi wako wenye mbwa wakubwa wa ulinzi ambao huwatembeza kwa mnyororo jioni, na wakiona mbwa mwingine mbele huvuta kwa nguvu zao zote. Mbwa aliyevutwa hivyo huinuka kifua na shingo, akaonekana kana kwamba ataka vita, hali yeye hakuwa na nia hiyo; na mwenzake humjibu kwa jinsi amwonavyo. Hawezi kuzunguka, hawezi kuepusha uso, wala kukimbia hawezi. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Brno, nchi ya Cheki, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mbwa waliofungwa kamba walitishana mara mbili zaidi kuliko waliokuwa huru. Yafaa basi mwenye mbwa apite kwa kuzunguka, ailegeze kamba, awaache wanusane kitambo kidogo tu, kisha amwite wake waende zao.

Sisemi kwamba mbwa waachwe wazurure. Iko sababu kubwa zaidi ya kuzijua desturi hizi, nayo ni kumtambua yule asiyezifuata. Mbwa mwenye kichaa haamkii. Huja moja kwa moja, hazunguki, hanusi, haonyi. Huuma mbwa, ng'ombe, mti au mtoto, kisha huendelea na safari yake. Huenda sauti yake imebadilika na mate yanamtoka. Mwingine huwa mpole kupita kiasi, hujificha gizani, taya limelegea, na bwana wake hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani kuutoa. Asifanye hivyo kamwe, kwa maana ugonjwa umo katika mate.

Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, nao haujatutoka. Mwaka 2014 serikali ilifanya mpango wa kuukomesha kabla ya kwisha mwaka 2030, na njia yake ni kuwachanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka. Mbwa koko wa sokoni na wa mnyororo wote ni sawa katika hesabu hiyo, kwa kuwa hunusana njia moja. Katika kila watu 10 waumwao na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa duniani, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15, na watoto wetu waendao shule hupita barabarani saa zile zile ambazo mbwa hukutana.

Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, wala asipake dawa za kienyeji juu yake. Mbwa aliyeuma, ikiwa aonekana mzima, asiuawe papo hapo. Afungwe mahali salama, ofisi ya mifugo ipewe habari, naye atazamwe siku 10, maana kama mate yake yalikuwa na ugonjwa siku ile, dalili zitaonekana au atakufa katika muda huo. Lakini mtu aliyeumwa, yeye asizingoje siku hizo 10. Aende hospitali siku ile ile.