Mtoto Hupimwa, Mamaye Je?

Bwana Mhariri,

Nina dukuduku lililonikaa moyoni, mimi mkazi wa Buseresere, mji ulioungana na Katoro hata msafiri asitambue wapi Geita yaishia na wapi Chato yaanzia.

Binti yangu alijifungua salama katika kituo ambacho sitakitaja, na kesho yake, ameshonwa msamba, akarudi nyumbani juu ya bodaboda, amekaa upande kwa maumivu. Siku ya sita akashikwa na homa ya kutetemeka, na damu ya nifasi ikatoa harufu iliyowafanya wanawake waliokuwa wakimkanda watazamane bila kusema neno. Asubuhi yake ikawa siku ya kliniki. Mtoto akavuliwa nguo, akatundikwa mzanini, uzito ukaandikwa, tukaambiwa anaendelea vyema; ilhali mamaye, aliyekuwa ameegemea nguzo muda wote huo, kanga imemlowa jasho, hakuguswa hata paji la uso. Mke wangu ndiye aliyepaza sauti, ndipo akapimwa joto, ikadhihirika kuwa kizazi kimeingiwa na vijidudu, akapelekwa hospitali kubwa alikolazwa siku tisa akitiwa dawa mshipani.

Na haja ya kumpima mama si jambo ambalo Serikali hailijui, kwani utaratibu wake wenyewe wataka mzazi achunguzwe ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42: msukumo wa damu, joto, matiti, kizazi na kidonda, madhali kuvuja damu, homa ya uzazi na hata kifafa cha mimba, licha ya jina lake, huweza kumfika mwanamke baada ya mtoto kutoka.

Huku kwetu penye dhahabu dhiki huzidi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, walakini mwanamke apondaye mawe karashani hana mwajiri wa kumdai. Arobaini haijatimu, yu juani na nyundo, mtoto kalazwa chini ya turubai, na huku kizazi chamshuka na mkojo wamponyoka akikohoa, naye aona haya kusema, akidhani ndiyo hali ya kila aliyezaa. Wapo pia wenye fistula, waliojitenga na watu kwa harufu, wasiojua kuwa maradhi yao hutibiwa Bugando, Mwanza.

Ninaloliomba kwa wahusika ni dogo mno: kabla mtoto hajatundikwa mzanini, mamaye apewe kiti, aulizwe damu yatokaje na kidonda kikoje, afungwe kipimo cha msukumo wa damu mkononi. Kipimo kipo, nilikiona kwa macho yangu kabatini siku ile.

Mdogo wake binti yangu atarajia kujifungua mwezi ujao katika kituo kile kile, nami nitakuwa nimeketi kwenye benchi lile lile.

Wako mtiifu,
Mzazi,
Buseresere, Wilaya ya Chato