Fulana feki ya msanii ni butura nyingine

Msimu wa kahawa unapofunguliwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, si kahawa peke yake inayouzwa. Fedha ya mkulima ikishaingia mfukoni, wachuuzi nao hujipanga katika masoko ya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro. Pamoja na sabuni, majembe na viatu, zipo jezi za Simba na Yanga, fulana zenye picha za Diamond Platnumz, Bob Marley na 2Pac, na kofia zenye majina ya wanamuziki wa ndani na nje.

Nyingi kati ya bidhaa hizo zimetengenezwa bila idhini ya wenye majina hayo. Muuzaji analijua hilo. Mnunuzi naye analijua, maana bei yenyewe inasema.

Swali linalopaswa kujadiliwa ni hili: shabiki anayesema anampenda mwanamuziki au timu fulani, kisha akanunua bidhaa feki yenye jina lake, anatenda haki? Wengi hujibu haraka kwamba hakuna tatizo, kwa sababu feki ni nafuu na mwanamuziki ni tajiri. Jibu hilo linafaa kuwekwa kwenye mizani kabla ya kukubaliwa, kama yanavyowekwa maganda ya kahawa.

Bei ya jina

Tuanze na hesabu. Tuchukue mfano wa bei za kukadiria tu. Fulana tupu, isiyo na maandishi, inauzwa Sh7,000. Fulana ya kitambaa kilekile, iliyochapwa picha ya mwanamuziki bila idhini, inauzwa Sh12,000. Fulana halali ya mwanamuziki huyo inauzwa Sh30,000.

Watu wengi huangalia tofauti kati ya Sh12,000 na Sh30,000 na kusema wameokoa Sh18,000. Lakini tofauti inayoeleza zaidi ni ile kati ya Sh7,000 na Sh12,000. Kitambaa ni kilekile na mshono ni uleule. Ukitoa gharama ndogo ya wino na kuchapa, fedha inayobaki ni bei ya jina.

Maana yake ni kwamba aliyenunua feki amelilipia jina, ila malipo hayakwenda kwa mwenye jina. Kwa hiyo utetezi wa kusema "mimi nilihitaji nguo tu" haushiki. Aliyehitaji nguo tu angechukua ile ya Sh7,000 na kubaki na Sh5,000 za chumvi na mafuta ya taa.

Tulikotoka na Saida Karoli

Mkoa wa Kagera una historia yake katika jambo hili. Mwaka 2001 mwimbaji Saida Karoli, mzaliwa wa mkoa huu, alitamba na wimbo wa Maria Salome, ambao wengi waliuita Chambua Kama Karanga. Ulipigwa kwenye harusi, kwenye mabasi na kwenye vilabu vya pombe, hapa nchini na katika nchi jirani. Nguvu ya wimbo huo haikuisha haraka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida, na kizazi kipya kikaucheza upya.

Enzi za kaseti, redio ya deki mbili ilitosha kutoa nakala. Mtu mmoja alinunua kaseti halali, na mtaa mzima ukapata nakala zake. Baadaye zikaja CD, watu wakawa "wanachoma". Leo kijana anapeleka simu au flashi kwenye kibanda, anaingiziwa nyimbo nyingi kwa fedha kidogo, na hakuna hata senti inayomfikia mtunzi.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ilipitishwa mwaka 1999, na chini yake ikaanzishwa COSOTA. Mwaka 2013 Serikali ilianza kutumia stampu za kodi kwenye kanda na CD za muziki na filamu, ili nakala halali itambulike kwa macho. Hata hivyo, wakati stampu zinabandikwa, muziki wenyewe ulikuwa unahama kwenye kanda na CD kuingia kwenye simu.

Matokeo yake ni kwamba wanamuziki wengi hawategemei tena mauzo ya nakala za nyimbo kama zamani. Wanategemea maonyesho, matangazo, malipo ya mitandao na bidhaa zenye majina yao. Mwaka 2017 Diamond aliingiza sokoni marashi ya Chibu na karanga zenye jina lake. Huo ni ushahidi kwamba jina limekuwa shamba. Aliyekwisha kunakili nyimbo bure, kisha akanunua na fulana feki, amevuna shamba lile mara mbili bila kumwachia mwenyewe kitu.

Butura tunaijua

Mkulima wa Karagwe na Kyerwa hahitaji kufundishwa maana ya kuvunwa na mwingine. Anaijua butura. Kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, mkulima mwenye shida ya ada au matibabu huiuza kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, aliyepalilia na kupogoa anabaki kuangalia gunia likibebwa na mtu ambaye hakushika jembe. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, na vyama vya ushirika vimeipigia kelele kwa miaka mingi, kwa sababu inamtenganisha mtu na jasho lake.

Tukilinganisha kwa haki, mwanamuziki ana hali mbaya zaidi. Katika butura mkulima walau amekubali, na amepewa kitu kidogo mkononi. Katika fulana feki mwanamuziki hakuulizwa wala hakupewa chochote. Ni vigumu kulaani mnunuzi wa butura asubuhi kwenye mkutano wa chama cha msingi, kisha mchana kwenda sokoni kufanya kama yeye kwa jasho la mwingine.

Kuna tofauti moja muhimu hapa. Mkulima anayeuziwa mbegu feki za mahindi ametapeliwa. Ndiyo maana mfuko wa mbegu una lebo ya TOSCI yenye namba ya kukwangua na kuhakiki kwa simu, ili kumlinda mnunuzi. Kwenye fulana feki, mara nyingi mnunuzi hatapeliwi, kwa kuwa anajua anachonunua. Anayeumia ni mtu wa tatu ambaye hayupo sokoni. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa polisi na wakaguzi peke yao. Sehemu kubwa inabaki kuwa dhamiri ya mnunuzi.

Hoja za watetezi

Hoja ya kwanza ni kwamba mwanamuziki ni tajiri. Wapo matajiri wachache, lakini wengi si matajiri, wakiwemo wanakwaya na wapiga ngoma wa vijijini kwetu wanaotegemea kuuza nakala na fulana ili walipe studio. Zaidi ya hapo, utajiri wa mtu haumpi mwingine ruhusa. Mwenye ekari 20 za migomba akiibiwa mkungu mmoja, bado ameibiwa.

Hoja ya pili ni kwamba feki inamtangaza mwanamuziki bure. Kuna ukweli kidogo hapo kwa chipukizi ambaye hajulikani. Lakini uamuzi wa kutoa bure ni wa mwenye mali. Mkulima anaweza kumgawia jirani ndizi ili asifiwe kwa ndizi tamu, ila jirani hawezi kujigawia mwenyewe halafu akasema amemtangaza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: wanaokula ni makampuni, mwanamuziki mwenyewe hapati kitu. Ni kweli mikataba mibovu ipo. Lakini mkataba mbovu hurekebishwa kwa mkataba mzuri, na mkataba mzuri hupatikana pale mauzo halali yanapoonekana. Tuangalie upande wa michezo. Mwaka 2021 Simba ilitangaza mkataba wa jezi na Vunjabei wa Sh2 bilioni kwa miaka miwili, yaani Sh1 bilioni kwa mwaka. Aprili 2025 ikatangaza mkataba na Jayrutty wa Sh38 bilioni kwa miaka mitano, sawa na Sh7.6 bilioni kwa mwaka. Hakuna mfanyabiashara anayeweka fedha za namna hiyo kama hategemei mashabiki kununua halali. Kila jezi feki inayouzwa inapunguza nguvu ya klabu, au ya mwanamuziki, atakapokaa mezani kudai fungu lake.

Hoja ya nne ni kwamba halali haipatikani huku kwetu, na ikipatikana bei haishikiki. Hoja hii haipaswi kubezwa. Nyuma ya butura pia iko shida ya kweli ya fedha ya haraka. Lakini sababu ya kosa si uhalali wake. Asiyeweza kununua bidhaa yenye jina hajanyimwa mapenzi yake kwa mwanamuziki. Anaweza kwenda kwenye onyesho, kusikiliza wimbo redioni, au kununua fulana ya mtumba iliyotengenezwa kihalali. Huo mtumba mwenye jina alishalipwa kwa mauzo ya kwanza, kwa hiyo mvaaji wake hana deni.

Wenzetu walivyoamua

Mjadala huu si wa Kagera peke yake. Nchini Uingereza, Matthew Reed aliuza bidhaa zenye jina na nembo za Arsenal nje ya uwanja wa Highbury tangu mwaka 1970. Kibanda chake kilikuwa na tangazo kubwa lililoeleza kwamba bidhaa zake si rasmi. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2002, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaipa Arsenal ushindi. Fundisho ni kwamba kumwambia mteja ukweli hakutoshi kama huna idhini ya mwenye alama.

Kesi nyingine ni ya mwimbaji Rihanna dhidi ya maduka ya Topshop. Maduka hayo yalikuwa na ruhusa ya mpiga picha, lakini si ya mwimbaji. Mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba fulana hiyo ingewafanya mashabiki waamini Rihanna ameiidhinisha, na mwaka 2015 rufaa ikatupwa. Hapo mahakama ilitazama imani ya shabiki. Aliyeitumia imani hiyo kuuzia bidhaa yake bila idhini alikosea.

Mchuuzi ajihadhari

Kwa mfanyabiashara mdogo, suala hili ni la dhamiri na pia la mtaji. Hapa nchini Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza, au kuweka kwa ajili ya kuuza, bidhaa zenye alama za kughushi. Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukagua, kukamata na kuteketeza bidhaa hizo. Aliyekopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, akajaza marobota ya jezi feki, ameweka mtaji wake mahali ambapo unaweza kuungua siku moja bila fidia. Na akimwambia mteja kuwa ni "orijino", amekosa mara mbili: kwa mwenye jina na kwa mteja wake.

Njia nyingine zipo. Kwanza, mchuuzi anaweza kuuza fulana tupu au zenye michoro na maneno yake mwenyewe. Pili, wachuuzi watano au sita wanaweza kuungana, wakaagiza mzigo halali kwa wakala wa Mwanza au Dar es Salaam, na kudai stakabadhi. Mzigo wa pamoja hupunguza nauli ya basi kwa kila kipande. Tatu, wapo wanakwaya na vikundi vya ngoma katika vijiji vyetu. Mchuuzi akiandikiana nao makubaliano ya fulana za kikundi, anapata bidhaa ambayo hakuna mkaguzi wa kumsumbua, na fedha inabaki wilayani.

Wenye majina nao wana wajibu. Mwanamuziki au klabu inayotaka shabiki wa Murongo anunue halali, ifikishe bidhaa halali hadi Murongo. Waweke bei za madaraja, jezi ya mechi kwa mwenye nazo na fulana nyepesi kwa mwenye kipato kidogo. Wateue mawakala wa wilaya, na mzigo ufike wakati wa msimu wa kahawa, mkulima akiwa na fedha. Soko lililoachwa tupu hujazwa na feki, kama vile mkulima asiyelipwa kwa wakati hufuatwa na mnunuzi wa butura.

Kwa shabiki, kipimo kinaweza kuwa chepesi. Kabla ya kutoa fedha, ajiulize: kitu hiki kinauzwa kwa jina la nani, na katika shilingi ninayotoa, mwenye jina anapata ngapi? Jibu likiwa sifuri, bora achukue fulana tupu. Aliyevaa fulana tupu hana deni kwa mtu, na mapenzi yake kwa mwanamuziki hayajapungua hata kidogo.