SANDUKU LA BABU SI TAKATAKA

Katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani nyumba za Kiswahili zinazidi kutoweka. Zilikuwa nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Mahali pake huinuka maghorofa ya maduka na maghala. Warithi hugawana fedha, mashahidi hutia saini, dalali huchukua chake, na kila mtu hushika njia yake. Kitu kimoja tu hakitajwi katika mkataba, nacho ni sanduku la bati lililokuwa uvunguni mwa kitanda cha marehemu. Ndani yake mna stakabadhi za kodi ya kichwa, cheti cha ndoa, kadi ya TANU, barua yenye stempu ya Mfalme wa Uingereza, na picha ya vijana waliovaa kanzu na makoti, ambao hakuna tena anayeyajua majina yao. Sanduku hilo huondoka na kifusi.

Linalosikitisha ni kwamba anayelitupa mara nyingi si mtu asiyejua kusoma. Ni mwalimu. Ni karani wa wizara. Ni ofisa aliyesomeshwa kwa fedha za umma, ambaye kazini kwake haruhusiwi kuchana hata waraka mmoja wa likizo bila kibali. Ofisini analinda majalada. Nyumbani kwao anachoma historia.

Soko la Kariakoo lilipoungua mwezi Julai 2021, taifa zima lilishtuka. Uchunguzi ulifanywa na fedha za kulikarabati zikatafutwa. Hivyo ndivyo ilivyopasa, maana soko ni mali ya wananchi. Lakini kumbukumbu za watu waliolifanya soko hilo na mitaa hiyo kuwa mji huungua kila siku, na hakuna king'ora kinacholia.

Uzembe huu una watetezi wake, na hoja zao ni tatu. Ya kwanza husema kwamba historia ni ya mataifa na viongozi. Ukoo wa karani au mchuuzi hauna historia. Ya pili, ambayo huvaa joho la uzalendo, husema kwamba kufuatilia nasaba ni kufufua ukabila ambao taifa limetumia jasho jingi kuuzika. Ya tatu husema kwamba masimulizi ya wazee hayaaminiki, kwa hiyo hakuna cha kupoteza. Hoja zote tatu zimekwisha kujibiwa zamani, na jibu lilitoka papo hapo Gerezani, katika nyumba moja ya mtaa ulioitwa Kipata.

Jibu hilo ni ukoo wa Sykes. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alileta pwani ya Tanganyika jeshi la kukodiwa ili kuuzima upinzani wa Abushiri. Askari wengi walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri. Wengine walikuwa Wazulu waliochukuliwa Msumbiji. Miongoni mwa hao Wazulu alikuwamo Sykes Mbuwane. Desemba ya mwaka huo huo Abushiri alinyongwa Pangani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1894, katika mji huo huo wa Pangani, Mbuwane alipata mtoto wa kiume. Mtoto huyo akaitwa Kleist, jina la Kijerumani, na Abdallah, jina la Kiislamu. Baba akafariki mwana angali mdogo, naye akalelewa na Affande Plantan, Mzulu mwenzake baba yake katika jeshi hilo.

Kleist alisoma shule ya Wajerumani, na katika Vita ya Kwanza ya Dunia akapigana katika jeshi la von Lettow-Vorbeck. Mwingereza alipoishika nchi, yeye akawa karani wa reli. Mwaka 1924 Dakta James Aggrey wa Gold Coast alipita Dar es Salaam pamoja na tume iliyochunguza elimu ya Waafrika, na mazungumzo yao yakamwachia Kleist wazo la Waafrika kujiunga pamoja. Mwaka 1929 ikaundwa African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Mwaka 1933 Kleist alikuwamo pia miongoni mwa walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya, jumuiya iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu mjini.

Wanawe Abdulwahid na Ally walipelekwa Burma katika Vita ya Pili. Baada ya mgomo mkubwa wa makuli wa bandarini wa mwaka 1947, Abdulwahid akawa katibu wa chama chao. Baadaye akawa msimamizi mkuu wa Soko la Kariakoo, na nyumba yake ikawa mahali pa kukutania watu wa siasa. Tarehe 7 Julai 1954, katika jengo la chama lililokuwa New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, African Association iligeuzwa kuwa TANU. Julius Nyerere alipewa kadi namba 1, Ally Sykes namba 2 na Abdulwahid namba 3. Katika kizazi cha nne, mjukuu aliyerithi jina la Kleist alikuja kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam.

Habari hizi zinajulikanaje? Hapa ndipo penye somo. Kleist Sykes hakuwa profesa, wala hakuwa na ofisi ya utafiti. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliketi akayaandika maisha yake. Maandishi hayo hayakufungiwa vitumbua, wala hayakutupwa siku ya kugawana urithi. Yalihifadhiwa. Mjukuu wake, Daisy, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyachukua akaandikia habari za babu yake. Sura hiyo ikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu cha maisha ya Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe, aliyekuwa mwalimu wa historia chuoni hapo. Kwa kalamu ya babu na uangalifu wa mjukuu, wasomi wa dunia nzima wakaijua African Association kutoka ndani. Lau sanduku hilo lingetupwa, mwanzo wa siasa za ukombozi ungebaki kuandikwa kwa majalada ya Mwingereza peke yake, naye Mwingereza aliandika yale aliyoyaona kutoka dirishani kwake.

Basi hoja ya kwanza imeanguka. Karani wa reli alikuwa na historia, na historia hiyo ikawa ya nchi. Wala haifai kujibu kwamba ukoo huo ni wa pekee. Nani ajuaye kilichoandikwa na seremala wa Ilala, na fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu, na mama aliyeuza vitumbua ili alipe ada ya chama? Hajulikani, kwa sababu sanduku lake limekwisha kwenda na kifusi. Ni dhuluma kuwatupia watu ushahidi wao na kisha kuwaambia kwamba hawana ushahidi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, maana inatumia jina la umoja wa taifa. Lakini hebu ukoo huu huu utazamwe. Babu ni Mzulu wa Msumbiji, mwana amezaliwa Pangani, wajukuu ni watoto wa Gerezani, lugha yao ni Kiswahili. Katika nasaba kama hiyo mkabila atapata nini cha kushika? Dar es Salaam imejaa koo za namna hiyo. Kuna Wanubi waliokuja na bunduki, Wamanyema waliokuja na misafara, Wanyamwezi waliokuja na mizigo, na Wazaramo na Washomvi waliowapokea wote hao. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita ya Kwanza, watu waliokokotwa kutoka kila upande wa nchi. Anayechimba kwa uaminifu kisima cha ukoo wake katika mji huu atafika kwenye maji ya kabila tatu au nne kabla hajafika kwa babu wa babu. Ukabila unaishi kwa uvumi na majivuno. Nasaba iliyoandikwa kwa usahihi ni sumu yake.

Tena ukoo huo haukuficha mwanzo wake. Mbuwane alikuja kama askari wa kukodiwa, kumsaidia mvamizi. Wajukuu wangeweza kumtungia uchifu, au wakamwondoa kabisa, kama wafanyavyo wale ambao kila mmoja wao babu yake alikuwa mfalme au sharifu. Hawakufanya hivyo, na kwa sababu hiyo habari yao ina thamani. Inaonyesha jinsi ukoo ulioletwa nchini kwa bunduki ya mkoloni ulivyogeuka, ndani ya vizazi vitatu, ukasimama mbele ya waliomfukuza mkoloni. Mageuzi hayo ndiyo historia ya mapambano. Anayefuta aibu ya babu anafuta pia ushujaa wa mjukuu, kwa kuwa hakuna awezaye kuupima mwendo wa mtu bila kujua alikoanzia.

Hoja ya tatu, ya masimulizi kutoaminika, ina ukweli nusu. Wasomi wengi wa hapa wanalijua jina la Kunta Kinte kuliko wanavyolijua jina la babu wa baba zao. Kitabu cha Alex Haley, Roots, kilitoka Marekani mwaka 1976, na mwaka uliofuata mamilioni walikitazama katika televisheni. Haley alieleza kwamba alifuatilia vizazi saba vya ukoo wake kutoka Tennessee hadi kijiji cha Juffure, Gambia. Kwa Mmarekani mweusi kazi ya namna hiyo ni kubomoa ukuta kwa kucha. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa wametoka utumwani. Katika orodha za watumwa za mwaka 1850 na 1860, walio wengi walitajwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana aliyewamiliki, kama ng'ombe katika daftari la zizi.

Na hata Haley hakusalimika. Mwaka 1978 alimlipa mwandishi Harold Courlander ili kuimaliza kesi ya kunakili sehemu za riwaya yake, na wachunguzi wa nasaba walipolinganisha masimulizi yake na nyaraka za zamani walikuta mengi hayaoani. Somo ni kwamba simulizi hupimwa kwa karatasi, na karatasi hufafanuliwa kwa simulizi. Asiyeamini kauli ya bibi yake na ailinde stakabadhi ya babu yake, apate cha kuipimia. Kumdharau bibi na kuichoma stakabadhi ni kuchoma mizani kisha kulalamika kwamba uzito haujulikani.

Tofauti iliyopo ni ya kutia uchungu. Mmarekani mweusi alijengewa ukuta na waliomtumikisha. Mtanzania anajijengea ukuta mwenyewe, kwa mikono yake, siku ya kuuza nyumba. Matokeo yake ni kwamba wageni ndio huja kuokoa kinachookoleka. Bibi Titi Mohamed na wanawake wenzake wa mitaa hiyo, waliowavuta akina mama kwa maelfu kuingia TANU, habari zao nyingi zilikusanywa na Susan Geiger, Mmarekani, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Anastahili shukrani. Lakini watoto na wajukuu wa kina mama hao, wenye vyeti na madaraja, walikuwa wapi na kalamu zao?

Chama chenyewe hakikosi funzo hapa. Kitabu cha historia ya TANU kilichotolewa na Chuo cha Kivukoni mwaka 1981 kinaanza hesabu, katika jina lake lenyewe, na mwaka 1954. Mohamed Said alipochapisha mwaka 1998 kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, mabishano makali yalizuka kuhusu nani alifanya nini kabla ya mwaka huo. Mabishano ya namna hiyo hayamalizwi kwa kupaza sauti, wala kwa kunyamaza. Humalizwa kwa nyaraka, na nyaraka za miaka ya 1929 hadi 1954 hazikukaa katika makabati ya ofisi. Zilikaa katika masanduku ya nyumba za Kariakoo, na kila nyumba inayovunjwa hovyo huondoka na shahidi mmoja.

Yapo ya kufanywa, na hayahitaji bajeti. Mwalimu wa historia, ambaye mwanafunzi wake anaweza kutaja mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 lakini hawezi kumtaja baba wa bibi yake, na ampe kazi ya likizo: aketi na mzee wa kwao, aandike majina ya vizazi vinne, mahali walipozaliwa, kazi walizofanya na walivyofika hapo walipo. Asisahau upande wa mama, maana nasaba ya wanaume peke yao ni nusu ya nasaba. Mtumishi wa serikali na aandike majina nyuma ya kila picha wakati wanaojua wangali hai. Warithi na waweke katika makubaliano yao kifungu kimoja cha karatasi za marehemu, kabla ya kifungu cha mabati na milango. Asiye na mahali pa kuzihifadhi na azipeleke Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, au maktaba ya Chuo Kikuu, ambako zitapokewa na watu wanaojua thamani yake.

Mtaa wa Kipata leo unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Wapita njia wanaolisoma jina hilo ni wengi. Wanaoweza kueleza alikuwa nani ni wachache, na hata hao wachache wanaweza kwa sababu mzee mmoja alishika kalamu kabla hajafa na mjukuu mmoja hakukitupa alichokiandika. Mali bila daftari huisha bila habari. Taifa linaloyatupa madaftari ya koo zake litaamka siku moja, litafute habari zake lenyewe, na litaelekezwa ughaibuni kwenda kuziomba.