Mto Ukinyamaza, Tuulize

Tumezoea kuyapima maji kwa macho. Yakiwa na tope tunayakataa. Yakiwa maangavu hata changarawe za chini zikaonekana, tunainama na kuteka. Kipimo hiki hakitoshi, na mara nyingine hutudanganya, kwani maji yenye tindikali huweza kuwa maangavu kama kioo.

Wataalamu hupima tindikali kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini ya hapo ni tindikali. Tofauti ya namba moja si ndogo: maji ya pH 5 yana tindikali mara 10 zaidi ya yale ya pH 6.

Tutazame vijito vya milimani huko Wales, Uingereza. Humo huishi ndege mdogo wa kahawia mwenye kifua cheupe, aitwaye kitaalamu Cinclus cinclus, ambaye huzama na kutembea chini ya maji akitafuta viluwiluwi vya wadudu. Kwa miongo mingi, moshi wa makaa ya mawe ulirudi ardhini kama mvua ya tindikali. Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba penye tindikali nyingi ndege hao walikuwa wachache, walichelewa kutaga, na maganda ya mayai yao yalikuwa membamba. Tindikali haikuwaunguza. Iliwaangamiza wadudu na viumbe vingine vilivyowapa chakula na kalisiamu. Tena iliyeyusha alumini ya udongoni, ambayo hudhuru matamvua ya samaki. Ndege alishinda na njaa pale pale ambapo mwanadamu aliona maji safi.

Tusidhani kwamba haya ni ya Ulaya pekee. Nchini Uganda, shaba ilichimbwa Kilembe, kwenye miteremko ya Rwenzori, kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1956. Mabaki ya madini yenye salfa yalirundikwa karibu na mji wa Kasese. Mvua na hewa vilipokutana na salfa hiyo, tindikali ikazalika, ikabeba metali na kutiririka hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, upande wa Ziwa George, ikiacha nyuma yake ukanda wa ardhi ambao mimea yake ilikufa.

Kuna atakayesema: si maabara zipo? Zipo, nazo zinahitajika. Lakini chupa moja ya maji husimulia habari za siku moja tu. Huenda maji yakachotwa siku ya jua yakaonekana salama, kumbe tindikali huja na mvua kubwa na kupita usiku. Mdudu aishiye chini ya jiwe mwaka mzima hawezi kudanganywa hivyo. Akitoweka yeye, na ndege amlaye akihama, huo ni ushahidi.

Kwa hiyo naona kila mgodi au kiwanda kilicho jirani na mto kilazimishwe kuhesabu viumbe wa mto huo kabla ya kazi kuanza na kila mwaka baadaye, kisha matokeo yatangazwe kwa lugha wanayoielewa wakazi wa hapo. Taarifa isiyosomeka kwa mwenye mto ni sawa na taarifa iliyofichwa. Tusingoje kuponya: Ulaya ilitia saini mkataba wa kupunguza uchafuzi wa hewa uvukao mipaka mwaka 1979, na moshi wa salfa umepungua sana, lakini vijito vingi vimepona polepole kwa sababu udongo ulikwisha kupoteza kalisiamu yake.

Nanyi wanafunzi wangu, mpitapo mtoni, msitazame rangi ya maji pekee. Sikilizeni kama ndege wangalipo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nasi tuuulize mto kabla ya mshindo huo.