Serikali ya Wenzetu Twaiandika, ya Kwetu Twasomewa

Ukitaka mtu wa kukueleza Seneti ya Marekani inavyofanya kazi, usijisumbue na ndege. Panda matatu pale Likoni, shuka Ukunda, uliza vijana wanaoandika mtandaoni. Nyuma ya mahoteli ya Diani, kwenye vyumba vya kupanga vyenye feni moja na laptopu iliyokwisha betri, kuna watu wanaojua kwa nini Wyoming na California kila mmoja hupeleka maseneta wawili, na ni theluthi mbili ya kina nani inayoweza kuivunja kura ya turufu ya rais. Wanaandika usiku kwa sababu kule ndiyo mchana. Kukicha, insha imeshapata jina la mtu mwingine, na huyo mwingine yuko Ohio.

Mimi ni mmoja wao. Chuo kikuu nilikiacha mwaka wa pili, karo iliposhinda nguvu za nyumbani, nikaanza kuandika kwa dola sita ukurasa. Kozi iliyonilisha zaidi ni ile ya serikali ya taifa ya Marekani, tena si ya darasa la kawaida. Ni ya darasa la wateule, wale waliochujwa kwa alama nzuri wakapewa mzigo mzito kuliko wenzao. Uzuri na ubaya wa biashara hii umeshasemwa sana. Hata filamu imetengenezwa, The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford akikutana na waandishi wa Kenya. Ugomvi wangu leo ni mwingine, na uko hapahapa nyumbani.

Kijana wa miaka kumi na tisa kule anadaiwa aisome serikali yake. Mtu mzima wa Kwale, mwenye wajukuu, anasomewa ya kwake. Anayedhani tofauti hiyo ni ya akili anajidanganya. Ni ya heshima: nani anahesabiwa kuwa anastahili kushika karatasi mkononi, na nani anatosha kupewa soda.

Ebu tazama wanachodaiwa wale wateule. Wiki ya kwanza hawapewi muhtasari. Wanapewa makala za Federalist, zile 85 zilizochapishwa kwenye magazeti ya New York mwaka 1787 na 1788 kuwashawishi watu waikubali katiba mpya. Waliziandika Hamilton, Madison na Jay, wote watatu wamejificha nyuma ya jina moja la kubuni, Publius. (Kwa hiyo sisi tusiotia majina kwenye kazi zetu tuna ukoo mzuri.) Mwalimu anataka makala ya 10, kuhusu makundi yenye maslahi yake na namna ya kuyazuia yasimeze nchi, kisha ya 51, kuhusu namna ya kuipanga serikali ili kila tawi limchunge mwenzake. Halafu zinakuja hukumu. Marbury dhidi ya Madison ya mwaka 1803, ambapo mahakama ilijitwalia uwezo wa kuifuta sheria inayopingana na katiba. McCulloch dhidi ya Maryland ya mwaka 1819, ambapo jimbo lilikatazwa kuitoza kodi benki ya taifa. Hukumu zenyewe, si hadithi za hukumu.

Na kila insha, ukiipepeta, inabaki na maswali manne. Nani amepewa uwezo huu? Imeandikwa wapi? Nani anaweza kumzuia? Nani analipa? Nimeyajibu maswali hayo mara nyingi mpaka nayaota. Sasa nauliza: ni lini mtu yeyote aliwahi kumtaka mkazi wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga au Kinango ayajibu kuhusu Kwale?

Kwani hatuna cha kusoma? Tunacho, tena kingi. Katiba yetu ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Cha 10 kinautaja ushiriki wa watu kati ya misingi ya taifa. Cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake waziwazi na kuwashirikisha watu. Hata ile hesabu ya Wyoming na California tunayo yetu. Kifungu cha 123 kinatoa kura moja kwa ujumbe wa kila kaunti katika Seneti, kwa miswada inayohusu kaunti. Kwale yenye watu 866,820 kwa sensa ya 2019 inapiga kura moja, na Nairobi yenye zaidi ya milioni nne inapiga kura moja. Kuna insha nzima hapo ya darasa la wateule. Mimi sijawahi kuona mtu akiagiza.

Kisha kuna kalenda. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unapaswa kufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha, tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili. Hapa Diani nitakuokotea vijana kumi watakaokwambia uchaguzi wa Marekani hufanywa Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Niokotee wewe watano wanaoijua 30 Aprili.

Usiwalaumu. Lawama iende kwa namna tunavyofundishwa. Vikao vya kushirikisha umma nilivyokaa huku pwani, na sitataja ofisi wala afisa, vinafanana kama mayai. Tangazo linatoka jana, kikao ni kesho. Hema, viti vya plastiki, dua, salamu za wakubwa kwa itifaki zao zote. Kisha afisa anafungua kitabu kikubwa cha Kiingereza, nakala iko moja na anayo yeye, anaanza kusoma takwimu kwa sauti. Mama mmoja anasimama, anauliza mbona bomba la kijijini kwao halina maji tangu mwaka juzi. Anajibiwa, "Limenukuliwa, mama, ahsante sana." Soda inazunguka, mkate unafuata. Kila mtu anatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Karatasi ile ndiyo ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa, na pengine ndiyo sababu kikao kiliitishwa.

Ukilalamika, utaambiwa mambo mawili. La kwanza, watu hawataelewa, lugha ya bajeti ni ngumu. La pili, linalosemwa kwa sauti ya chini na watu wa bara, na siku hizi hata na sisi wenyewe: mtu wa pwani hapendi kusoma, mpe madafu na upepo.

La kwanza lilijibiwa Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipotoka, vijana waligawana vifungu, wakavieleza kwenye TikTok, wakavitafsiri kwa lugha za mama zao, wakajua mkate utapanda kwa nini na gari litalipiwa nini. Tarehe 25 Juni watu walijaa barabarani hadi Bunge likaingiliwa, na wengine hawakurudi makwao. Tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi. Mwezi uliofuata, tarehe 31 Julai, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, moja ya sababu ikiwa ni namna umma ulivyoshirikishwa. Mahakama ya Juu ilikuja kuigeuza hukumu hiyo tarehe 29 Oktoba. Hata hivyo, kesi hiyo ilithibitisha kwamba swali la nani alisikilizwa linaweza kuwapeleka wakubwa hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi. Ugumu wa lugha uko wapi hapo? Kifungu cha 7 kinaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Anayeileta bajeti kwa Kiingereza kitupu mbele ya wazee wa Kinondo amechagua kufanya hivyo.

La pili nalijibu mwenyewe. Hao unaowaita wavivu ndio wanaowaandikia wateule wa Marekani kazi zao, na wanapata A.

Mtu asidhani hili ni suala la kujua kwa ajili ya kujua. Chukua titaniamu. Tangu 2014 madini ya Kwale yalipakiwa melini pale Likoni yakaenda zake. Watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa mgodi upate nafasi. Sheria ya Madini ya 2016 ikagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Oktoba 2024 kampuni mama ya mgodi, Base Resources, ilinunuliwa na Energy Fuels, kampuni ya Colorado, Marekani. Desemba mwaka huohuo uchimbaji ukakoma. Basi serikali ya Marekani na serikali ya Kwale si mada mbili zilizo mbali kama unavyodhani. Mwenye mgodi alipofunga shimo alikuwa anajibu kwa wenye hisa wa kule.

Sasa weka kando yake kisa cha Alaska, ambacho kila mwanafunzi wa serikali za majimbo hukutana nacho. Mwaka 1976 wananchi walipitisha marekebisho ya katiba ya jimbo ili sehemu ya fedha za mafuta iwekwe kwenye mfuko wa kudumu, na tangu 1982 mkazi hupata mgao wake kila mwaka. Mwaka 2016 gavana Bill Walker akaukata karibu nusu. Seneta mmoja wa jimbo na wenzake wawili wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 mahakama kuu ya jimbo ikampa gavana haki. Walishindwa. Lakini walijua walichopunjwa, kwa kiasi gani, na mlango wa kubisha ni upi.

Kwetu asilimia 10 ikabaki miaka kadhaa kuwa mjadala wa nani ni jamii. Anayeishi karibu na shimo? Aliyehamishwa? Wadi nzima? Nani atie sahihi? Maswali halali kabisa, na ndiyo hasa maswali ya Madison kuhusu makundi yanayogombania fungu moja. Yangekuwa kazi ya darasa, yangejadiliwa katika kila sekondari ya kaunti hii mgodi ukiwa bado unanguruma. Tumeachwa tuyajadili shimo likiwa limeshafukiwa.

Sitaki mtu anisome kama shabiki wa Marekani. Katiba ile ile ya mwaka 1787 iliwahesabu watumwa kuwa tatu ya tano za mtu katika kugawa viti, na maseneta hawakuchaguliwa moja kwa moja na wananchi nchi nzima hadi marekebisho ya 17 ya mwaka 1913. Wala sisemi vijana wao ni wasomi kuliko sisi. Mteja wangu alipewa Madison akaona heri alipe. Yeye alidaiwa akakwepa. Sisi hatudaiwi, na kutodaiwa ni tusi kubwa zaidi, kwa sababu limefungwa kwenye karatasi ya upole: "Msijisumbue, tutawasomea."

Basi tusumbuliwe. Nataka bajeti ya kaunti kwa Kiswahili, nakala katika kila moja ya wadi 20, wiki mbili kabla ya kikao: msikitini, kanisani, shuleni, kwa chifu, na kwenye WhatsApp ya kila kijiji. Nataka elimu ya uraia, ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeipa sehemu yake nzima, iwe darasa lenye maswali magumu badala ya fulana na kofia. Nataka mama aliyeuliza kuhusu bomba afunguliwe ukurasa, aonyeshwe mstari, aambiwe pesa iliwekwa au haikuwekwa.

Na sisi waandishi wa usiku tuna deni letu. Kazi zimepungua tangu ChatGPT ije, usiku una nafasi sasa. Tunajua kusoma hati ya kurasa mia tatu hadi alfajiri na kutoka na hoja. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kumjibu raia aliyeomba hati. Tuombe. Tugawane kurasa kama tunavyogawana oda. Tujibu maswali manne kwa Kiswahili cha mtaani na kwa Kidigo, turekodi sauti, zisikike hadi Vanga. Kinachohitaji kwenda bungeni kiende kama ombi rasmi la wananchi, lenye majina yetu kamili.

Insha ya Madison imelipwa, imekwisha, na alama amechukua mwenyewe. Ya Kwale haina mteja wala malipo, na inatakiwa iwe tayari kabla ya tarehe 30 Aprili.