Huduma za fedha Kenya: Ongezeko la kweli au bahati ya sampuli?

RIPOTI ya FinAccess, inayotayarishwa na Benki Kuu ya Kenya, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) na taasisi ya FSD Kenya, ilieleza mwaka 2024 kuwa watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walifikia asilimia 84.8. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 83.7. Mabenki, kampuni za simu na vyama vya akiba na mikopo huzitumia takwimu hizo kupanga wapi pa kufungua matawi na wapi pa kuweka mawakala, nayo Serikali huzitumia kujipima.

Tofauti ni asilimia 1.1. Je, Wakenya kweli wameongezeka katika huduma hizo, au waliohojiwa safari hii walikuwa tu watu wengine?

Swali hilo halikuwa na maana mwanzoni. Utafiti wa kwanza, wa mwaka 2006, ulikuta asilimia 26.7 tu. Mwaka uliofuata M-Pesa ikaingia sokoni, na kuanzia hapo kila ripoti ilipanda kwa hatua ndefu kiasi kwamba hakuna aliyehitaji mtaalamu wa hesabu ili kuamini. Sasa ngazi inakaribia kilele. Hatua zimekuwa fupi, na hatua fupi ndizo zinazodanganya.

Wataalamu wa takwimu huanza kwa ukaidi: hudhani kuwa hakuna kilichobadilika. Kisha huuliza, ikiwa ndivyo, bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kubwa kama hii mara ngapi? Ikiwa ni chini ya mara 5 katika 100, dhana ile hutupwa na mabadiliko hukubaliwa. Kwa vitendo, tofauti hugawanywa kwa kosa la sampuli, na jibu likizidi 1.96 mtihani umepitwa.

Mwaka 2021 walihojiwa watu wapatao 22,000, na mwaka 2024 wapatao 21,000. Kwa idadi hizo kosa la sampuli ni karibu asilimia 0.35, na jibu la mgawanyo ni 3.1. Bahati ingezaa tofauti ya namna hiyo karibu mara 2 tu katika 1,000. Kwa haraka haraka, basi, ongezeko ni la kweli.

Hata hivyo, hesabu hiyo huchukulia kwamba kila mtu alichaguliwa peke yake, kama namba ya bahati nasibu. Sivyo utafiti wa kaya unavyofanyika. Wahojaji hupelekwa katika maeneo yaliyochaguliwa, wakahoji kaya kadhaa za jirani, kwa sababu kumfuata mtu mmoja Turkana na mwingine Kwale ni gharama isiyobebeka. Majirani hufanana. Wana wakala mmoja, soko moja, mara nyingi hata chama kimoja cha kuweka akiba. Watu kumi wa kijiji kimoja hawaleti habari za watu kumi waliotawanyika nchi nzima.

Uzito wa jambo hili si mdogo. Iwapo kufanana huko kunaongeza mtawanyiko wa makadirio mara mbili, jibu lile la 3.1 hushuka hadi 2.2, na ongezeko linanusurika. Iwapo ni mara tatu, hushuka hadi 1.8, na ongezeko linaanguka. Asilimia ile ile iliyosomwa kwa sauti kubwa mbele ya vyombo vya habari inaning'inia kwenye jambo ambalo wasomaji wengi hawalioni: namna kaya zilivyochaguliwa.

Hatua iliyotangulia ilikuwa dhaifu zaidi. Kutoka asilimia 82.9 ya mwaka 2019 hadi 83.7 ya mwaka 2021, huku utafiti wa 2019 ukiwa na mahojiano 8,669 tu, jibu ni 1.7 hata kabla ya kuwafikiria majirani. Kwa kipimo cha kawaida, hakuna aliyekuwa na haki ya kusema huduma zilipanuka katika kipindi hicho. Vivyo hivyo kwa waliokuwa nje kabisa ya huduma zozote za fedha, rasmi na zisizo rasmi: waliongezeka kutoka asilimia 11.0 hadi 11.6, na ilikuwa rahisi kulibebesha lawama janga la korona. Mtihani unatoa 1.5. Janga liliumiza watu, lakini takwimu hiyo haikuwa ushahidi wake.

Penye ushahidi hasa ni mahali pengine. Watu hao walio nje kabisa walipungua hadi asilimia 9.9 mwaka 2024, na hapo jibu ni 5.7. Hata mtawanyiko ukizidishwa mara tatu linabaki juu ya 3. Hiyo ndiyo iliyostahili kichwa cha habari, kuliko ile 84.8.

Hatari kubwa zaidi imo katika kaunti. Waliohojiwa 21,000 wakigawanywa kwa kaunti 47, kila moja inabaki na watu kama 445 kwa wastani. Kaunti yenye asilimia 85 inaweza kuwa na 82 au 88 bila mtu yeyote kukosea. Tena kaunti 47 zinatoa jozi 1,081 za kulinganisha. Hata kama kaunti zote zingekuwa sawa kabisa, kipimo cha mara 5 katika 100 kingetangaza tofauti za uongo katika jozi zipatazo 54. Meneja wa benki anayefunga tawi katika kaunti ya 30 ili afungue jingine katika ya 24 huenda anahamisha wafanyakazi kwa kufuata kura iliyopigwa na bahati.